Ng'ombe wa Redioni

Jumamosi ile, saa nane kasoro dakika kumi mchana, Fabiano Okullo alivaa tai ili asikilize redio.

Mkewe, Alanyo, alikuwa mlangoni anageuza mihogo kwenye sigiri. Alimtazama kuanzia tai hadi kandambili, akamwuliza, "Baba Acayo, kwani redio inakuona?"

"Leo wananitangaza, mama. Mtu akitajwa jina hewani hawezi kukaa na singilendi."

"Basi na mimi nikavae la kanisani? Maana jina ni la nyumba nzima."

Fabiano alikuwa fundi wa redio za magari ya polisi, mtu wa maneno machache, na maneno hayo machache aliyatumia kazini. Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na pazia katika kota za polisi za Nsambya. Nyuma ya pazia hilo, kwa miezi kumi na moja, kulikuwa na kinanda cha umeme kilichopasuka, ambacho dukawala mmoja wa Kihindi alikiacha alipopewa siku tisini za kuondoka nchini mwaka juzi. Fabiano alikifumua, akakiunganisha na valvu za redio zilizokufa na rikoda mbili za tepu, moja akiwa ameiazima kazini bila kazini kujua. Mzigo wote huo ulizaa dakika sita na nusu za sauti. Ngoma hamna, gitaa hamna, mtu wa kuimba hamna. Kwa maelezo ya Fabiano, walikuwa ng'ombe wa kwao Kitgum wakitoka zizini alfajiri: kengele za shingoni, mluzi wa mchungaji, mvua ya mbali. Kengele alizipata kwenye waya. Mvua ilikuwa ule mkoromo unaoishi kati ya stesheni mbili.

Kwa maelezo ya Alanyo ilikuwa friji.

"Friji ya nani?" Fabiano aliwahi kumwuliza, kwa uchungu.

"Ya matajiri. Tungekuwa na yetu ningeitambua vizuri zaidi."

Juu ya kasha la tepu aliandika jina la kazi yake kwa herufi kubwa: WAKATI WA KULA. Mtu wa pwani angeandika "Malisho" na sisi tungekosa cha kusimulia. Lakini Fabiano Kiswahili chake alikiokota depo ya polisi, na kule ng'ombe, kuruta na mfungwa wote wanakula tu, hakuna neno la ziada.

Majirani walifika. Santa, wa ukuta uleule, alikuja na kigoda chake na mumewe, Sajini Komakech, kwa sababu walisikia kuna chai. Kweli ilikuwapo.

"Sukari imechelewa njiani," Alanyo alisema akimimina.

"Imeanza safari mwaka gani?" Santa akauliza.

Hapa inabidi tumseme kidogo Lutaaya, mtangazaji wa kipindi cha Kapu la Wasikilizaji, maana bila yeye Fabiano angechekwa tu na mambo yakaishia hapo. Lutaaya alikuwa Mganda wa Mengo, na ulimi wake ulikuwa haujaamua bado kati ya L na R. Mwezi mmoja kabla, katikati ya taarifa ya habari, alisema "Mtukufu Lais." Mchana uleule wanaume wawili walifika studio, wakamkalisha, mmoja akamwekea buti juu ya vidole vya mguu, wakamwomba aseme "Rais" mara mia mbili. Alipofika mia na arobaini alikuwa anaisema vizuri kuliko wenye buti. Tangu siku hiyo Lutaaya aliifukuza L katika mdomo wake bila kuipa hata siku tisini za kufungasha. Hakubakiza hata moja, isije ikamponza.

"Wasikirizaji wapenzi," redio ikasema, "ni mimi wenu, Rutaaya. Reo tunayo kazi ya ndugu Fabiano Okurro wa porisi, ariyoitengeneza mwenyewe kwa mitambo ya umeme. Inaitwa..." Karatasi ikasikika. "Inaitwa Wakati wa Kura."

Chumba kizima kilikuwa kinacheka Okurro. Sajini Komakech peke yake ndiye aliyeweka kikombe chini.

"Amesema wakati wa nini?"

"Nyamaza, Sajini. Inaanza."

Ilianza kwa kimya cha sekunde nane, maana alfajiri ya Kitgum huanza kwa kimya. Kisha, ting. Kimya tena. Ting, ting. Halafu mvua ikaja polepole, na Santa akainuka, akaipiga redio kofi.

"Iache!" Fabiano alipiga kelele. "Hiyo ni mvua!"

"Mvua gani inakwaruza hivi? Redio yenu imeingia mende."

Nyuma ya ukuta wakasikia redio nyingine ikipigwa kofi. Kisha ya tatu, upande wa bombani. Kota nzima ilikuwa inachapa redio zake kama mwalimu aliyepewa darasa la watoto wa mwenzake.

Mjini lilikuwa jambo zito zaidi. Huu ulikuwa mwaka wa tatu na ushee wa serikali ya jeshi, na watu wa Kampala walikwisha kusoma: redio ikinyamaza ghafla, halafu ikapiga muziki usioeleweka, kuna serikali inayofungasha. Sasa redio ilikuwa imetaja kura, ikanyamaza, ikaanza kugonga kengele. Soko la Owino, mama mmoja alifunika nyanya zake. Wa jirani akaona, akafunika dagaa wake. Hakuna aliyemwuliza mwenzake kitu. Dakika sita na nusu zilipokwisha, nusu ya soko ilikuwa juu ya vichwa vya watu, inakwenda nyumbani kwa mwendo wa haraka usiokuwa mbio, maana kukimbia nako kulikuwa kosa.

"Haya," Fabiano alisema sauti ilipokwisha, akiwatazama mmoja mmoja. "Mmewasikia ng'ombe?"

"Mimi nimesikia kura," alisema Komakech. Akachukua kigoda kwa mkono mmoja na mke kwa mkono wa pili, akatoka. Chai yake ilibaki nusu kikombe, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ahamie Nsambya.

Alanyo alimimina ile chai irudi kwenye birika. "Ng'ombe wako," alisema, "wamefukuza wageni."

*

Jumatano Lutaaya alikuja mwenyewe, na bahasha ya kaki ndani ya shati. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mahali mgeni hukaa akiwa hana mpango wa kukaa.

"Barua za wasikirizaji," alisema. "Therathini na moja. Kipindi hakijawahi kupata barua nyingi hivi. Nirifikiri uzione kabra ya wengine."

Hakusema wengine ni nani, na Fabiano hakuuliza, kwa furaha. Alizisoma kwa sauti, Alanyo akisikiliza huku anampaka mtoto mafuta.

Ya kwanza ilitoka kwa mwalimu wa Mengo. *Wimbo wa Bwana Okurro ulinifanya niifungue redio yangu kwa bisibisi. Sasa haifungiki. Mwambieni aje aifunge yeye.*

"Huyu amesikiliza," Fabiano alisema. "Hata kama hakuelewa."

Ya pili: *Mama mkwe alikuwa ametutembelea tangu Pasaka. Baada ya sauti zile amefungasha na kuondoka. Tunaomba zirudiwe kila atakapokuja.*

Alanyo alicheka hadi mtoto akashtuka. "Hiyo niwekee. Nitawapigia ndugu zako."

Ya tatu: *Kadi yangu ya kura ya mwaka 1962 imeliwa na mchwa upande wa jina. Je, bado inafaa? Kituo ni palepale shuleni?*

Ya nne: *Nimehesabu kengele, zilikuwa saba. Ina maana wagombea ni saba? Tunaomba majina yao.*

Fabiano alipekua ya tano, ya sita, ya kumi. Kumi na tisa kati ya thelathini na moja ziliuliza habari za kura. Mzee mmoja aliishukuru serikali kwa kukumbuka, akaomba safari hii masanduku yasiletwe yakiwa yamekwisha kujaa.

"Kura?" Alanyo aliweka kopo la mafuta chini. "Kumbe ndiyo ile aliyoisikia Komakech?"

"Lutaaya," Fabiano alisema polepole, "ulisema nini kwenye redio?"

"Nirisema kama iriyoandikwa."

"Iliandikwa kula. Ka, u, la, a!"

"Ndiyo. Kura."

"L, Lutaaya! L!"

"Ndugu yangu," alisema Lutaaya, na hakuwa anatania, "herufi hiyo siitumii tena. Nina vidore kumi tu."

Mtoto Acayo alikaukiwa na mafuta. Hakuna aliyemwangalia.

"Basi Jumamosi sahihisha," alisema Alanyo. "Sema ulikosea. Watu hukosea."

"Nisemeje, mama? Niseme hewani, 'Wananchi, samahani, si wakati wa kura'?"

Wote watatu waliisikiliza sentensi hiyo ndani ya vichwa vyao. Ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi gari lisilo na namba lilisimama mbele ya karakana, na Fabiano akaondoka na chuma cha kulehemu kikiwa bado cha moto mezani. Askari polisi wenzake kumi na wawili walikuwapo. Wote kwa pamoja waligundua kuwa kuna kazi chini ya magari.

Ofisi aliyopelekwa haikuwa na kibao. Kapteni aliyekuwa ndani alivaa shati la maua na miwani, na mbele yake mezani kulikuwa na soda, rikoda, na tepu ya Fabiano. Fabiano alivuliwa viatu akaketishwa sakafuni.

"Wewe iko Okurro?"

"Okullo, afande."

"Redio nasema Okurro. Redio ya serikali naongopa?"

"Hapana, afande. Okurro."

"Kwenu wapi?"

"Kitgum, afande."

Kapteni aliandika, maana watu wa huko serikali iliwahesabu maadui. Katika mazungumzo yote ya asubuhi ile, hilo ndilo jambo pekee aliloandika.

"Nani natuma wewe kuita watu kupiga kura?"

"Hakuna kura, afande. Ni kula. Wakati wa ku-la." Fabiano aliutoa ulimi kidogo ili L ionekane.

"Kula."

"Kula, afande."

Kapteni alifikiri. Alikunywa soda. Halafu akauliza swali ambalo Fabiano hakulitegemea.

"Kula nini?"

Fabiano aliitazama soda.

"Nauliza wewe. Sukari iko? Chumvi iko? Sabuni iko?"

"Sabuni hailiwi, afande."

"Wewe nafundisha mimi?" Kapteni alisimama. "Watu kulala na njaa, wewe napigia yeye kengele, ting ting, wakati ya kula! Nacheka serikali?"

Ndipo Fabiano alipoona alipo. Kura ilikuwa uhaini na kula ilikuwa dharau, na shuleni hawakumfundisha herufi ya tatu.

"Ni ng'ombe wanaokula, afande. Si watu."

"Ng'ombe iko wapi?"

"Ndani ya tepu, afande."

Tepu ikapigwa. Kapteni alisogeza sikio hadi likagusa rikoda. Ikapigwa tena. Akawaita askari wawili waliokuwa mlangoni. "Nyinyi nasikia nini?"

"Bomu, afande," alisema wa kwanza, kijana mwenye bidii.

Wa pili alikuwa mzoefu. Alimtazama Kapteni usoni, akatafuta jibu pale, akalikosa. "Mimi nasikia ile afande nasikia."

"Ng'ombe hakuna," Kapteni akaamua. "Mtu nasema ng'ombe na ng'ombe hakuna, yeye naficha kitu. Sasa sikia. Naleta bibi yako. Sisemi kwake kitu, na wewe hapana fungua mdomo. Yeye nasikia ng'ombe, basi, iko ng'ombe. Yeye nasikia ingine..." Hakumalizia. Alikunywa soda.

Katika Uganda nzima walikuwamo watu milioni kumi na ushee, na kama Fabiano angeambiwa achague mmoja tu wa kutoletwa pale kusikiliza, angemchagua mkewe.

Waliomleta hawakumpa nafasi ya kunawa. Alanyo aliingia na Acayo mgongoni na unga wa mtama hadi viwikoni. Alimwona mumewe sakafuni bila viatu. Akajua papo hapo kuwa kuna jibu linalotakiwa, na kuwa yeye halijui. Aseme ng'ombe? Huenda ng'ombe ndio waliomvua viatu. Aseme kura? Mungu apishe mbali. Alimtazama Fabiano, na Fabiano alikuwa anatazama sakafu.

Tepu ikapigwa kwa mara ya tatu, kimya chake, kengele zake na mvua yake.

"Mama," Kapteni akasema, karibu kwa upole, "nasikia nini?"

Alanyo akafanya kile alichokifanya siku zote akikosa la kufanya. Akamtukana mumewe.

"Nasikia upumbavu, afande."

Askari mzoefu alicheka, akajizuia.

"Upumbavu gani?"

"Wa huyu hapa! Miezi kumi na moja, mwanamume mzima mwenye ndevu, anakaa nyuma ya pazia na waya. Ting, ting. Mtoto analia, hasikii. Sigiri inazima, haioni. Nikimwita chakula ananiambia nyamaza, ng'ombe wanatoka! Wanatoka wapi? Chumba kimoja! Wenzangu waliolewa na polisi wakapata polisi. Mimi nimepata mchunga friji!"

Kapteni alicheka. Alicheka hadi soda ikamrudi puani, na askari wote wawili, kwa kuwa sasa iliruhusiwa, wakacheka naye.

"Yeye nasema ng'ombe? Yeye mwenyewe?"

"Kila siku ya Mungu, afande. Ng'ombe, ng'ombe. Na mimi sijawahi kusikia hata mmoja. Hata ndama."

Kapteni akapangusa miwani. Alikuwa ameona wake wengi katika ofisi ile, wakilia, wakipiga magoti, wakiapa. Aliyekuja kumshitaki mumewe kwa bure alikuwa huyu wa kwanza.

"Basi," akasema. "Huyu hapana adui. Huyu jinga."

Fabiano hajawahi kushukuru kitu maishani mwake kama alivyoshukuru neno hilo.

"Lakini," Kapteni akaendelea, "watu nasikia kura. Lazima wao nasikia ng'ombe. Jumamosi napiga tena, na kila mtu nasikia ng'ombe. Sasa, ng'ombe nalia aje?"

"Mbuuu, afande," alisema kijana wa bidii.

"Ya huyu nalia?"

"Hapana, afande."

"Shida iko hapo. Okurro, wewe tia mbuu."

Hapo Fabiano, mtu ambaye dakika moja iliyopita alikuwa anashukuru, akafungua mdomo. "Afande, kwa heshima yako. Hao ng'ombe wako mbali. Ni alfajiri, hawalii, wanatembea tu kwenye umande. Ukitia sauti pale..."

"Baba Acayo," Alanyo akasema.

Fabiano akafunga mdomo. "Nitatia, afande."

*

Lutaaya alishauri aletwe ng'ombe wa kweli. Lakini studio ilikuwa ghorofa ya pili, na Kapteni, ambaye alikuja mwenyewe Ijumaa kusimamia sanaa, hakuona sababu ya kumpandisha ngazi mnyama na fundi wa ng'ombe yuko.

"Wewe najua ng'ombe. Lia wewe."

Mguu wa maikrofoni ulikuwa umekwama chini, kwa hiyo Fabiano akapiga magoti. Tepu ilikuwa ileile moja. Alikuwa hana nyingine. Kila ambapo kimya cha alfajiri kilikuwapo, sasa angelia yeye juu yake, na kimya hakirudi.

Akalia.

"Hiyo mbuzi," Kapteni akasema.

Akalia tena.

"Hiyo ng'ombe mgonjwa. Serikali hii ng'ombe nagonjwa?"

Mara ya saba Kapteni alilalamika kuwa ng'ombe ana njaa, na wakati wa kula ng'ombe alie kwa shibe. Mara ya kumi alisema ng'ombe ana aibu. Nyuma ya kioo Lutaaya alikuwa anazungusha tepu mbele na nyuma, macho yake yakiwa kwenye vifungo. Alijua mtu hapendi kutazamwa akiwa mahali kama pale. Yeye aliwahi kuwa pale. Mara ya kumi na nane kijana wa bidii, kwa nia njema kabisa ya kumsaidia msanii, alimwekea Fabiano buti kwenye kisigino, akalielemea.

Ya kumi na tisa ilikubaliwa.

"Nasikia?" Kapteni aliwageukia wote, uso umemng'aa. "Hiyo ng'ombe!" Kisha akataka jina jipya la wimbo. Lutaaya aliomba, karibu kwa machozi, jina lisilo na L wala R, ili lisizue jambo. Walihangaika nusu saa nzima, wakapata: Ng'ombe Wetu.

*

Jumamosi kila mtu alisikia ng'ombe.

Santa alirudi na kigoda chake. Ting ya kwanza tu, kabla mnyama yeyote hajalia, alikuwa amekwisha kupiga vigelegele. "Ng'ombe kabisa! Jamani, mimi hata harufu naisikia!" Komakech aliinuka akasimama wima mikono ubavuni, kwa kuwa hakuwa na hakika kama huu ni wimbo wa kukaa au wa kusimama. Kotani hakuna redio iliyopigwa kofi. Owino yule mama wa nyanya aliongeza sauti ya redio ya jirani, akatingisha kichwa kwa kuvutiwa, akiangalia kulia na kushoto aone nani amemwona anavutiwa.

Kila ng'ombe alipolia, Alanyo alijifanya anaona kitu ndani ya sufuria.

Wiki hiyo barua zilifika tisini na mbili. Lutaaya alizileta Jumatano, safari hii bila kuzificha, maana hazikuwa na cha kufichwa. *Ng'ombe wanono.* *Ng'ombe wenye nidhamu.* *Nimelia machozi ya furaha, nami ni mtu mzima.* Wafanyakazi wa kiwanda kizima walitia saini karatasi moja kusema wamewasikia ng'ombe wote kwa pamoja, saa nane na dakika tatu. Mwalimu wa Mengo aliandika tena: *Naomba radhi. Redio yangu haikuwa na kasoro, kasoro ilikuwa masikioni mwangu. Nimekwisha kuifunga mwenyewe.* Wa kadi ya mchwa aliandika kuwa hakuwahi kuwa na kadi.

"Tisini na moja zimesifu," alisema Fabiano, akiziweka kando. Hakuwa amevaa tai. "Umehesabu vibaya, Lutaaya. Ulisema tisini na mbili."

Lutaaya alikwenda akafunga mlango. Akavua kiatu, akatoa karatasi kwenye soksi. "Hii sikuiweka na zire," alisema. "Nirifikiri niichane. Harafu nikafikiri, ni yako." Akavaa kiatu, akaondoka bila kusubiri chai, na kusema kweli chai haikuwapo.

Alanyo alikuwa kwenye sigiri, anawasha moto wa uji wa mtoto. "Soma basi," alisema. "Na huyu amesikia harufu?"

Fabiano akasoma.

*Bwana wa redio, jambo. Miye ni Barnabé, mutu wa Bukavu, niko natumika ku machinjio, barabara ya Port Bell, sasa myaka ine. Wimbo ya kwanza sikuielewa hata kidogo. Wimbo ya pili tuliisikia na wenzangu, tulikuwa tunakula. Tuliacha kula. Ngombe yenye kulia mule si ya mu majani. Ile sauti naijua, naisikia kila asubui. Inatoka saa ngombe imeona mulango na imejua ni mulango gani. Na tena ile si ngombe. Ni mutu. Siulizi jina yake. Naomba munijibu neno moja tu: mulimuachilia?*

Makaa yalikuwa bado hayajashika. Alanyo aliacha kupepea.

"Soma tena."

Akasoma tena. Alipoanza mara ya tatu, Alanyo alinyoosha mkono, na Fabiano akaivuta barua kifuani.

"Mama Acayo, hii ndiyo ya kweli. Katika zote, ni hii moja."

"Ndiyo maana," Alanyo akasema. "Lete."

Aliikunja mara mbili, akaiingiza chini ya makaa, akapuliza. Karatasi ilikuwa nzuri, ikashika upesi. Kutoka upande wa pili wa ukuta Santa aliita, "Mama Acayo! Barua zinasemaje?"

"Wanasifu!" Alanyo alijibu kwa sauti ya furaha ambayo uso wake haukuwa na habari nayo. "Wanasifu tu!"

Aliteleka sufuria. Alikoroga uji muda mrefu, mwiko ukipiga kwenye ukingo.

"Anakokaa umekushika?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Machinjioni. Barabara ya Port Bell."

"Kesho una zamu ya mchana. Asubuhi pita huko kwa miguu. Usiandike kitu. Mtafute, mpe jibu lake kwa mdomo, uondoke. Ameomba neno moja."

Fabiano alifikiri juu ya maneno mawili yanayowezekana, akayaona yote mawili ni ya uongo. "Neno gani?"

Alanyo alionja uji, akaupunguzia moto.

"Mwambie bado."